Iringa hadi Mbeya kwa njia ya Kitulo: Spitfire ya kilo 2.4 kwenye hewa nyepesi

Mzigo tuliupanga Iringa usiku, kwa utulivu, maana ndege ya modeli, inayoongozwa kwa redio, huumia zaidi barabarani kuliko angani. Mabawa yote yalitolewa na kuvishwa mifuko ya sponji, yakasimamishwa kwa ubavu kama sahani kabatini. Miili ilifungwa kwa mikanda pale bawa linapokalia, ambapo mbao ni nene. Mkia haufungwi kamba hata kidogo: mbao nyepesi ya balsa ya milimita 5 haistahimili tuta la barabarani. Tulikuwa na Spitfire mbili, ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili, za kipimo cha 1/8, bawa mita 1.40 kutoka ncha hadi ncha. P-51 Mustang, ya Wamarekani wa vita hivyohivyo, yenye injini ya methanoli ya mipigo minne, sentimita za ujazo 15. Na BE2c, ile ndege ya mabawa mawili ya Vita vya Kwanza. Spitfire moja na ile Mustang zilikuwa za wenzetu wa Dar es Salaam, zikiwa bado na mipangilio ya pwani.

Safari ilikuwa ya kwenda Mbeya kwenye siku ya kurusha ndege za kivita za zamani, lakini tuliamua kupitia Kitulo, uwanda wa juu milimani, badala ya kunyoosha barabara kuu. Sababu ni hewa. Anayetaka kujua ndege yake inafanya nini kwenye hewa nyepesi aipeleke mahali ambapo tofauti inaonekana kwa macho.

Tanangozi, Ifunda, Mafinga, kisha misonobari ya Sao Hill pande zote mbili. Makambako tulisimama kupata chai na kukagua skrubu. Upepo wa pale ulikuwa mkali tangu asubuhi, wala hakuna aliyewaza kurusha. Mtetemo wa gari ulikuwa umelegeza nati ya propela ya Mustang na skrubu mbili za mkono wa servo (mota ndogo ya usukani) ya elevata, kibao cha mkia kinachoinua na kushusha pua. Skrubu zinazoingia kwenye chuma hutiwa tone la gundi ya nyuzi za skrubu, ile inayozizuia kulegea. Zinazoingia kwenye plastiki hazitiwi, kwa kuwa gundi hiyo huipasua plastiki.

Tuliposhuka Igawa na kuingia Usangu, joto lilifika nyuzi 32. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Usangu iko kama mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, Iringa kama 1,500, hivyo mtu hudhani hewa ya Usangu ni nzito zaidi. Lakini joto huipanua. Mchana wa Usangu mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takribani kilo 1.02; asubuhi ya Iringa yenye nyuzi 18 ni kilo 1.01. Ni hewa ileile. Dar es Salaam, kwa nyuzi 30, ni takribani kilo 1.16. Kwa hiyo kipimajoto kinatakiwa mfukoni sawa na altimita, yaani kipima mwinuko.

Chimala tulifanya kazi moja kabla ya kupanda: kumwaga mafuta yote ya tangi la Mustang. Aliyeiandaa alikuwa ameziba mipira ya kupumulia ya tangi ili harufu isijae garini. Gari linapopanda, shinikizo la nje hushuka, hewa iliyonaswa ndani ya tangi inatanuka na kusukuma mafuta kwenye kabureta hadi ndani ya silinda. Ukija kuizungusha injini kwa stata, pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika, na fimbo ya pistoni inapinda. Galoni la methanoli nalo huvimba. Hufunguliwa polepole, mbali na moto, kabla ya kuingiza pampu.

Kisha tukaikwea ile barabara ya Matamba ambayo watu wa huku huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Dereva anapanda taratibu, breki hazihitajiki, na kwa kila kona bonde la Usangu linazidi kushuka chini yako. Kwa kweli ni barabara nzuri kupita zote ninazozijua Nyanda za Juu Kusini.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo haturushi. Mbayuwayu wa buluu huzaliana kwenye nyasi zile, na injini ya methanoli haina nafasi kati yao. Tulirusha nje ya mpaka, kwenye malisho, tukiwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji, ambaye alisalimiwa kwanza, akaelezwa kazi, ndipo sanduku likafunguliwa. Altimita ilisoma mita 2,600, joto nyuzi 15. Hewa hapo ni takribani kilo 0.89 kwa mita ya ujazo: karibu robo pungufu ya ile ya Dar.

Mustang ilianza. Injini iliwaka, ikatoa moshi mwingi mweupe, ikakohoa kila ilipofunguliwa kutoka mwendo wa chini. Hiyo ni dalili ya mafuta mengi kwa hewa kidogo. Sindano kuu ya kabureta, inayopima mafuta, ilifungwa klik moja moja, ukisubiri sekunde kumi kila mara, hadi mlio ukawa mkavu kwenye kasi ya juu. Kisha ikafunguliwa tena kidogo hadi mizunguko ikapungua kama 300 kwa dakika. Akiba hiyo ni lazima, kwa sababu ndege ikiinua pua mafuta hufika kwa shida na injini hukosa. Nguvu iliyopotea hairudi kwa sindano. Kila mita 300 za kupanda huondoa takribani asilimia 3.

Mota za umeme hazivuti hewa, ila propela inavuta. Spitfire ya Dar ilikuwa na propela ya inchi 13 kwa 8 (kipenyo kwa hatua ya kila mzunguko) kwenye betri ya seli nne. Pale juu propela hiyo ilizunguka haraka, mita ya wati ikasoma kidogo, na ndege ikawa haina msukumo. Tukaweka 14 kwa 8. Inchi moja ya kipenyo huongeza mzigo kama theluthi, na hewa nyepesi inaurudisha karibu na ule wa pwani. Sharti upime ampea kabla ya kuruka: kidhibiti chetu cha mota ni cha ampea 70, na hatukutaka kupita 60, kwa maana hewa hiyohiyo iliyopungua ndiyo inayokipoza. Propela hiyo pia isisahaulike wakati wa kushuka. Pwani itakiunguza kidhibiti.

Betri za lipo (za lithiamu) zilikaa ndani ya makoti hadi dakika ya mwisho. Seli baridi hudondosha volti mara unapofungua mota, na kipima volti kinalia ukiwa bado na nusu ya chaji.

Sasa kutua, ambako ndiko ndege za kivita hufia. Spitfire yetu ina kilo 2.4 juu ya bawa la desimita za mraba 35, yaani kama gramu 69 kwa kila desimita. Dar bawa linaacha kubeba kasi ikishuka hadi karibu kilometa 37 kwa saa. Kitulo ni 42. Ndege haijui tofauti hiyo. Usukani unaitikia vilevile. Anayedanganyika ni jicho. Rubani aliyezoea pwani anaiona ndege inakuja kwa kasi inayozidi ile aliyoizoea kwa asilimia 14, anaamini inakimbia mno, anapunguza mota na kuvuta elevata. Bawa moja linadondoka ghafla, mara nyingi kwenye kona ya mwisho, mita kumi juu ya nyasi. Kona yenyewe huhitaji nafasi zaidi: kwa mlalo uleule, duara linapanuka karibu theluthi moja.

Dawa yake tuliifanyia mazoezi juu, mita 100 hivi kutoka ardhini. Shusha magurudumu na flapu za nyuma ya mabawa, punguza mota taratibu, tazama pua inakaa wapi pale bawa linapoanza kutikisika. Kumbuka mkao wa pua na nafasi ya kidole kwenye mota. Tua kwa mkao huo ukiongeza mota kidogo, usitue kwa kasi unayoiona. Mwenzako asimame kando akutajie: pua juu, pua chini.

Kupaa kulidai uvumilivu. Nyasi zikizidi sentimita 5 gurudumu la milimita 75 linanasa na ndege inapiga pua. Tulifunga ya 90. Elevata ivutwe yote mwanzoni, mota ifunguliwe polepole kwa hesabu ya sekunde tatu hadi nne, usukani wa mkia kulia, maana propela huivuta kushoto, na magurudumu ya Spitfire yamekaribiana mno. Ukifungua mota ghafla inajizungusha palepale.

BE2c haikuhitaji somo hili. Gramu 37 kwa desimita, ikatua kwenye kilometa 32 hivi, taratibu, ikijaa hewa kwenye mabawa yake mawili. Na ndiyo yenye haki ya anga hili: kikosi namba 26 cha Uingereza, kilichoundwa na Waafrika Kusini, kilizirusha BE2c katika vita vya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1916. Binafsi, kama ningeruhusiwa modeli moja tu ya kivita kwa nyanda hizi, ningechukua hiyo.

Tuliteremka kwa Isyonje, tukafika Uyole na Mbeya mjini. Uwanja wa siku ile ulikuwa nje ya mji, mbali na njia za ndege za Songwe, mwinuko wa mita 1,700. Sindano ya Mustang ilifunguliwa tena klik mbili kabla ya kuwasha; ukiiacha ilivyokuwa Kitulo injini inakosa mafuta, inapata moto na kukwaruza silinda. Ndege zilirushwa nne kwa wakati, kila rubani na msaidizi wake, mstari wa usalama mita 30 mbele ya watazamaji, ndoo ya mchanga karibu na meza ya betri. Saa tano upepo wa kusini-mashariki ulianza kukata uwanja kwa ubavu, na urushaji ukasimamishwa. Betri zilizobaki na chaji tulizishusha hadi volti 3.8 kwa seli kabla hazijarudi garini.