Nilivyompeleka mama kula mbuzi choma kwenye grosari ya mtaani kwetu

Mama yangu amepika kwenye misiba na harusi za Tukuyu, Mbeya, tangu sijazaliwa. Mwaka huu alikuja kwangu Kimara, Dar es Salaam, kutolewa mtoto wa jicho. Siku moja tukitoka kliniki tuliingia mgahawani kunywa chai, na tulipomaliza akaanza kukusanya vikombe ili avipeleke jikoni. Nikamuuliza kama amewahi kutoka jioni kwenda kula mahali, akaletewa chakula, akala, akaondoka. Ana miaka 68. Akasema, "Nani angenipeleka?"

Neno hilo lilinikaa moyoni wiki nzima.

Mtaani kwetu kuna grosari ninayoipenda. Mbele kuna meza za plastiki chini ya mwembe, nyuma kaunta, pembeni jiko la mkaa. Nilipomtajia, mama alishtuka: "Baa? Mimi mama wa kanisa, mwanangu?" Sikubishana naye. Jumapili tulipotoka ibadani nikapitisha njia ya pale makusudi, akaona baba na mama na watoto wao wamekaa wanakula, Biblia ziko mezani. Hakusema kitu. Jioni akaniuliza mbuzi wao wanamtoa wapi, nikajua amekubali.

Nikachagua Jumanne. Ijumaa na Jumamosi spika zinafunguliwa mpaka mwisho, na siku Simba anapocheza na Yanga humsikii hata uliyekaa naye bega kwa bega. Saa tisa alasiri nikaenda peke yangu kuongea na mchomaji. Nilikuwa na hofu ya moshi, maana jicho la mama lilikuwa bado bichi. Yule kijana akanionyesha meza ya mwisho karibu na ukuta, akasema upepo wa jioni huusukuma moshi wote barabarani. Nilisimama pale dakika kumi nikiangalia, na kweli ulikuwa unaelekea huko.

Jambo la pili lilikuwa meno. Nyama choma ya haraka haraka inamshinda mtu mzima, na wengi huishia kumung'unya mate tu huku wengine wanakula. Mchomaji akaniambia nichague mbavu na mkono, aichemshe kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka ilegee, ndipo aipandishe jikoni juu ya moto mdogo. Ile supu itolewe kwanza. Kwa kweli huo ndio ushauri bora niliopata, na mwenye mzazi asiye na meno imara auchukue. Inataka muda tu: usiagize ukiwa umeshakaa na njaa.

Nilisimama kwenye mizani. Kilo mbili, watu watano: mama, mke wangu, watoto wawili na mimi. Kilo hiyo ni ya nyama mbichi pamoja na mfupa wake, ikishuka motoni inakuwa imepungua sana, na ugomvi mwingi wa mezani unaanzia hapo, wakati mhudumu wa watu hana kosa. Tukaongeza ndizi kumi. Halafu nikalipa jiko palepale. Pale jiko na kaunta vina wenyewe tofauti, unalipa mara mbili, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine: mama akisikia bei, anaacha kula.

Saa moja jioni tukafika. Mhudumu akaja na jagi la maji ya moto, beseni na sabuni. "Shikamoo mama." Mama akaitikia marahaba, na papo hapo akanyoosha mikono alipokee lile jagi, atunawishe sisi. Binti hakuliachia. Akasema taratibu, "Mama, leo nanawisha mimi. Lete mikono." Mama akamtazama, akaileta. Maji yakamwagika juu ya vidole vile vilivyomenya ndizi miaka yote, na binti hakuwa na haraka. Mke wangu aligeuza uso pembeni. Mimi nilishindwa.

Supu ilipoletwa mama aliomba ndimu, akanywa kimya mpaka akaona kitako cha bakuli. Nyama ikaja kwenye sinia, imekatwa vipande vidogo, kachumbari pembeni, pilipili mbali. Kipande kimoja cha ubavu kilikuwa na damu kwenye mfupa, tukakirudisha, kikaletwa kimeiva. Lakini kilichomfurahisha ni ndizi. Alimega, akatafuna, akasema, "Hii imetoka kwetu." Mchomaji alipopita nikamuuliza. Huzinunua Mabibo, pale soko la Mahakama ya Ndizi, na akasema mzigo wa siku ile ulikuwa wa kutoka Mbeya. Mama alicheka kwa sauti, na tangu afanyiwe upasuaji sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Bia sikuagiza. Yeye ndiye aliyesema, "Agiza yako, baba. Najua unakunywa." Nikaagiza moja ya baridi, tukakaa. Akawasimulia wajukuu jinsi alivyochumbiwa msimu wa mvua, barabara imekatika, posa ikafika imelowa. Hadithi hiyo mimi mwenyewe nilikuwa siijui.

Tukaondoka saa tatu na nusu. Nyama iliyobaki tukafungiwa. Tulikuwa tumeshavuka kona ya kwanza mama aliposimama, akauliza, "Yule binti wa maji, wewe ulilipa jiko, ukalipa na soda. Yeye analipwa na nani?" Nikamwambia analipwa na mwenye kaunta. "Kwa hiyo sisi hatujampa kitu." Akafungua fundo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi mjukuu wake.

"Kimbia. Umpe mkononi. Mwambie ndaga fijo, bibi anashukuru sana."

Tukamsubiri chini ya taa ya barabarani mpaka aliporudi.