Baraza la mninga na oili chafu

Nyumba yetu hapa Nkuhungu ina baraza la mbao kwa nyuma, mita tatu kwa nne. Kila mgeni akiliona anauliza tuliwaza nini, Dodoma hii ya mchwa na jua! Jamani, sikuliweka mimi. Tulinunua nyumba likiwemo, mbao za mninga zimepigwa vanishi ya klia, ile isiyo na rangi, zinang'aa utadhani meza ya bwana harusi. Baada ya misimu miwili ya kiangazi vanishi ikapasuka na kuanza kubanduka, watoto wakapata mchezo wa kuibandua kwa kucha.

Klia inapitisha jua. Jua linaila mbao huko chini, halafu vanishi inakosa pa kushika. Hilo nimelijua baadaye, mfuko ukiwa umeshatoboka.

Fundi alikuja Julai. "Mama, hii siku mbili tu." Tulimaliza wiki ya tatu.

Sehemu ya juani ilitoka kwa skrepa bila ubishi. Balaa lilikuwa upande wa ukutani, maana chini ya vanishi mbao zilikuwa nyeusi ti. Fundi akainama, akanusa, akacheka. "Oili chafu hii." Kuna mtu zamani alizipaka oili ya gari kuzuia mchwa, kama watu wanavyofanya kwenye kenchi, kisha mwingine akaja kupiga vanishi juu yake. Mbao iliyokunywa oili inaikataa vanishi, hata ungepaka mara kumi.

Tukaanza kuifuta kwa thina, tunamwagia unga wa mbao kutoka karakana, tunaacha ulale hapo uinyonye, asubuhi tunafagia. Mara nne! Ndipo tukaja kwenye msasa: namba 60, kisha 80, mwisho 120. Fundi alitaka kutumia grenda amalize haraka. Ubao wa kwanza tu ikauachia alama za nusu duara ambazo mpaka leo nazijua zilipo. Nikamwomba azime, tupige kwa mkono kufuata nyuzi. Vumbi la mninga linawasha pua vibaya sana; nilijifunga khanga usoni na bado nilipiga chafya mpaka usiku. Lakini rangi iliyotokea pale chini, kahawia yenye michirizi ya dhahabu! Nilimwita mama mkwe atoke aione. Akaipapasa kwa kiganja, akasema, "Kumbe mlikuwa mnakalia mali."

Ya kupaka sasa. Jirani, mzee wangu ninayemheshimu, akanishauri mafuta ya alizeti, si tumejaa mashine za kukamulia huku kwetu? Nikajaribu ubao mmoja. Siku kumi bado unanata, umekusanya vumbi na sisimizi wote wa mtaa. Alizeti haikauki kama linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani. Nikaenda Majengo kutafuta linsidi, fundi akaichanganya na rangi ya mafuta ya kahawia kidogo, kwa sababu ile rangi ndiyo inayolizuia jua.

Upepo wa Agosti unaujua mwenyewe: ikifika saa nne hupaki kitu, unapaka mchanga. Kwa hiyo tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono mwembamba, nusu saa baadaye tunafuta yaliyobaki juu. Kesho yake mkono wa pili.

Matambara yale ya kufutia fundi aliyasokomeza kwenye ndoo pembeni ya mlango wa jiko. Mchana nikainua moja nilitupe, nikakuta ndani ya lundo kuna joto kama la chapati iliyofunikwa. Linsidi ikikauka inatoa joto, na matambara yakirundikana yanaweza kuwaka yenyewe. Nikayamwagia maji, nikayatandaza uani moja moja, fundi ananitazama kama nimerukwa na akili.

Ubao wa alizeti bado unanata. Mama mkwe ameuwekea mkeka, anakaa hapo hapo kumenyea karanga.