Joka la Mrefu

Basi leo ndo akili imenirudia vizuri nikasema ngoja niandike kabla Mrefu, mwenzangu wa timu, hajaanza kusimulia kwa toleo lake. Tumetoka kwenye mashindano ya Magic, yale ya timu za watu watatu, tumemaliza wa tano, na waliokuwa wanaingia nusu fainali ni timu nne. Wa tano jamani. Bora tungekuwa wa ishirini, ningelala.

Kwa ambaye hajui, Magic: The Gathering ni mchezo wa kadi ulioanza 1993, kaubuni Richard Garfield, mtu wa hisabati, na stori ninayoipenda mimi ni kwamba waliomwagiza walikuwa wanataka kitu chepesi cha kubeba, watu wacheze chapchap wakiwa wanasubiri mambo mengine yaanze. Chapchap! Sisi tumeingia asubuhi tumetoka giza lishaingia. Kila mtu anaanza na uhai 20, landi (kadi za ardhi) zinakupa mana (nguvu ya kulipia kadi), mana inalipia viumbe na speli (kadi za uchawi), ukimfikisha mwenzako sifuri umeshinda. Mengine yote ni ubishi.

Na ubishi wenyewe unaanza kabla hata hujagusa mpinzani, maana kwenye haya mashindano huji na deki yako (fungu la kadi unalochezea). Timu inapewa pakiti 12 zilizofungwa, mnachana pale pale, mnajikuta na kadi zaidi ya 150 mezani, mna saa moja tu ya kutengeneza deki tatu za kadi 40 kila moja. Sasa piga hesabu. Rangi za mchezo ni tano: nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani. Deki nzuri kawaida inakuwa na rangi mbili. Watu watatu mara rangi mbili ni sita, rangi ziko tano, kwa hiyo lazima kuna rangi moja itagawanywa kwa watu wawili, na hapo ndo urafiki unapopimwa kuliko kukopeshana hela.

Kwetu iliangukia nyekundu. Mimi nilikuwa na nyekundu na nyeupe, Mrefu nyekundu na nyeusi, na Kimya (tunamuita Kimya, mkikaa naye saa nzima mtajua kwa nini) akachukua bluu na kijani bila kuulizwa akaanza kupanga landi zake 17 kama mtu ambaye ugomvi haumhusu. Na kwenye nyekundu kulikuwa na joka. Bei yake mana sita, linaruka, linapiga tano. Aliyelifungua ni Mrefu, kwenye pakiti yake ya tatu, akaruka kwenye kiti kabisa, halafu akaliweka kwake kwa utaratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Tatizo deki yake ilikuwa ya fujo, viumbe vidogo vidogo vya mana moja na mbili, deki ya kumaliza gemu mapema, joka la mana sita humo ndani linakaa mkononi tu kama pambo. Yangu ndo ilikuwa ya kwenda taratibu. Hilo lilikuwa wazi kwa kila mtu pamoja na yeye mwenyewe, ila ilituchukua dakika ishirini kulisema, kati ya dakika sitini! Mwisho Kimya akanyanyua kichwa akasema, "Mpe," akarudi kwenye landi zake. Mrefu akalisukuma kwangu kwa kidole kimoja. Akasema sawa, ila usilichezee ovyo.

Ningejua maana ya ile "ila" ningemrudishia palepale.

(Pia Mrefu alikuwa na kadi 39. Tulihesabu mara tatu akitubishia, ya arobaini ilikuwa chini ya mguu wa kiti chake.)

Kwenye timu mnakaa watatu upande mmoja, wapinzani watatu upande wa pili, kila mtu na wa kwake. Mrefu kushoto, mi katikati, Kimya kulia. Watu wawili wakishinda, timu imeshinda. Na mnaruhusiwa kuongea wakati mnacheza, yaani kisheria kabisa unaweza kumgeukia mwenzako ukamuonyesha mkono wako, yaani kadi ulizoshika, ukamuuliza nifanyeje. Wengi wanadhani hii ni raha, kumbe hujawahi kucheza gemu na watu wawili wanapumulia kwenye shingo yako, mmoja ndo aliyekupa kadi yako bora.

Raundi ya kwanza tulishinda haraka, sina la kusema. Ya pili nataka kuwa mkweli kwa sababu nikifika ya tatu mtanionea huruma sana. Ya pili Mrefu aliniokoa. Nilikuwa nimeshashika viumbe vyangu vyote nishambulie, nimeona nimemaliza kazi, akanigusa bega akasema angalia kule nyuma, na kweli kule nyuma jamaa alikuwa na kidude chake kinaruka ambacho nilikisahau kabisa, ningeshambulia na vyote ningekufa zamu inayofuata. Nikabakisha walinzi, nikashinda. Kwa hiyo kufika raundi ya tatu sauti ya Mrefu masikioni mwangu ilikuwa na cheo.

Raundi ya tatu Mrefu kashinda, Kimya kashindwa, mimi na jamaa yangu tuko moja moja kwenye gemu, tumeingia gemu ya tatu ya kuamua, dakika 50 za raundi zikaisha. Dakika zikiisha aliye kwenye zamu anamalizia, halafu mnapewa zamu tano za nyongeza, zikiisha bila mtu kufa ni sare. Jamaa ndo alikuwa kwenye zamu, kwa hiyo ya kwanza, ya tatu na ya tano ni zangu. Timu zote mbili zimenigeukia mimi. Jaji kasimama kichwani kwetu.

Zamu ya kwanza nikashusha joka. Kiumbe kilichoshuka sasa hivi hakishambulii, sawa, lazima lisubiri ya tatu. Jamaa ana uhai 9, hana kinachoruka cha kulizuia. Mi nina 4. Yeye ana viumbe viwili vya kupiga tatu tatu, mi ukiacha joka nina askari mmoja wa kuzuia, yeye ana kadi moja mkononi. Ya pili yake akaweka landi akapita tu, joka limesimama pale hakuthubutu.

Sasa zamu ya tatu. Nikishambulia na joka, 9 inakuwa 4, na ya tano namalizia. Ila joka likishashambulia limelala, haliwezi kuzuia, ya nne atanijia na vyote viwili, askari anazuia kimoja, kingine kinanipiga tatu, nabaki na moja. Moja ni uhai! Nilishapiga hesabu hiyo, mkono ulishakuwa juu ya kadi.

Mrefu akaninong'oneza, "Usiliguse. Ile kadi ya mkononi."

Nikamgeukia Kimya. Kimya akanyanyua mabega. Jaji akasema tucheze tafadhali. Na mimi, badala ya kufikiria jamaa ana nini mkononi, nikawa nafikiria Mrefu atasemaje joka lake likifia mikononi mwangu. Nikapita zamu.

Ya nne jamaa akachota, akaweka landi, akapita. Ya tano nikashambulia, 9 ikawa 4, basi. Sare. Pointi moja badala ya tatu. Wakati tunakusanya kadi jamaa akacheka akanionyesha ile ya mkononi. Landi.

Mrefu hakusema kitu. Mi pia. Tulienda kunywa maji tukiwa tumetengana kama hatua kumi hivi.

Raundi ya nne tulipigwa, na hiyo ni yangu peke yangu, nilianza mimi nikabaki na mkono wenye landi mbili. Nilijua hatari yake: ukianza wewe na landi mbili kwenye deki ya landi 17, karibu mara tatu kati ya kumi unafika zamu ya tatu bila landi ya tatu. Na kurudisha mkono siku hizi sio adhabu kubwa kama zamani, tangu 2019 unachota saba upya halafu unachagua moja unaipeleka chini ya deki. Nikabaki nazo. Hasira inakufanya ujione una bahati. Gemu mbili zote, mkono uleule wa kipumbavu! Ya tano tukashinda, Kimya akiwa ndo shujaa, hata hakuangalia kama tunampigia makofi.

Kushinda ni pointi tatu, sare moja. Tukawa na 10, sawa na timu ya nne, na mkilingana wanaangalia wapinzani mliokutana nao wamefanyaje siku nzima. Wa kwao walifanya vizuri kuliko wa kwetu. Kwa ile sare tu, ingekuwa ushindi tungekuwa na 12.

Mwisho wa siku kadi mnabaki nazo, kwa hiyo tukakaa sakafuni tena kuzigawana, zamu hii hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana. Nikalichukua joka nikaliweka kwenye fungu la Mrefu bila kusema kitu. Akaendelea kuhesabu, akafika pale, akalirudisha kwangu. Nikalirudisha kwake. Akasema, "Ungeshambulia tu bwana." Nikamwambia we ndo ulisema nisiguse. Akasema ndio, nilisema.

Kimya akanyoosha mkono katikati yetu, akalichukua joka, akalitia kwenye kifuko chake, akafunga zipu ya begi. Mpaka leo liko kwake na hakuna aliyeuliza.