Mwendo wa Ndama

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la tafakari yetu wiki hii ni Mwanzo 32, pale Yakobo anapobaki peke yake usiku kwenye kivuko cha Yaboki, anapigana mieleka na mtu hadi alfajiri, anaguswa nyonga na kuondoka akichechemea. Ila naomba msiishie hapo, endeleeni hadi sura ya 33, mstari wa 14. Nasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilikuwa naishia njiani. Habari ya mieleka ya usiku kucha ni tamu, inasimulika, na lile neno "Sikuachi, usiponibariki" nimelitumia kwenye mikesha sijui mara ngapi. Baraka nikaichukua. Kuchechemea nikamwachia Yakobo.

Wengi wenu mnajua kwamba Kwaresima hii baadhi yetu tulifanya hija ya miguu ya siku nne, kutoka Geita hadi misheni ya Bukumbi. Tulipanda basi kituo cha Nyegezi hapa Mwanza alfajiri, tukashukia Geita, tukaanza kurudi upande wa ziwa tukisali rozari. Tulikuwa watu 31. Mimi nilibeba msalaba. Hakuna aliyenichagua, niliuwahi tu pale ulipokuwa umeegeshwa. Na mbeba msalaba ndiye anayeshika mwendo wa wote, nami nilitaka tufike Bukumbi tukiwa tumetembea kweli, siyo kujikokota kama watu wanaotoka gulioni.

Nyuma kabisa alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka tisa. Kila tuliposimama kunywa maji tuliwasubiri, na wakishafika tu mimi nanyanyua msalaba, safari inaendelea. Kwa hiyo sisi wenye nguvu tulipumzika robo saa, na wao waliochoka hawakupumzika hata dakika. Hilo sikuliona kabisa siku ile. Nililoliona ni kwamba wanatuchelewesha. Jioni nikamfuata bibi, nikamshauri kwa maneno laini kwamba apande gari hadi Sengerema, atusubiri huko. Akanijibu, "Asante, baba. Nitafika."

Kesho yake kabla ya saa sita mchana goti langu la kulia likaanza. Mwanzo lilikuwa joto tu upande wa nje. Baadaye ikawa kama mtu ananichoma shazia kila ninapokunja mguu, na nikiunyoosha inapungua. Basi nikawa natembea mguu mmoja umenyooka kama gongo. Aliyeniuliza nikamwambia ni malengelenge.

Hapa niseme ukweli wote, maana tafakari isiyo na ukweli ni hotuba. Nilipofika penye duka la dawa nilijifanya nanunua maji, nikanunua diklofenaki. Nilikuwa nimefunga tangu asubuhi, nikameza vidonge viwili tumbo likiwa tupu. Baada ya muda maumivu yakatulia, nikaongeza mwendo kufidia. Nilijisikia kama nimejibiwa sala.

Jioni tulipofika mahali pa kulala, mama mmoja muuguzi tuliyekuwa naye alinikuta nashuka ngazi tatu za darasa kinyumenyume. Akaniambia, "Mwalimu, kaa hapo." Akaniuliza mambo ambayo nimeyashika kichwani mpaka leo: je, nilisikia goti likilia mlio wa kukatika? Lilivimba saa ileile? Linakwama, halikunjuki? Nikilikanyagia linabeba uzito, au linalegea? Yote nikajibu vizuri. Akasema kama ningejibu vibaya hata moja, usiku uleule ningepelekwa hospitali, hija iwe imekwisha.

Akabonyeza upande wa nje wa goti, juu kidogo ya mfupa. Nikapiga kelele iliyowaamsha watoto. Akaeleza kwamba kuna ukanda mgumu kama mshipi, unaoanzia nyongani, unapita ubavuni mwa paja, unashikizwa chini ya goti. Mtu asiyezoea akitembea mwendo mrefu ghafla, sehemu ile ya chini inachokozeka kila anapokunja mguu. Akaniuliza kabla ya hija nilikuwa nafanya mazoezi gani. Nikasema natoka nyumbani naenda kituo cha daladala. Akacheka. Tena barabara ya lami imeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni. Sisi tulikuwa tunatembea kulia siku nzima tukitazamana na magari, kama inavyotakiwa kwa usalama, kwa hiyo mguu wa kulia ulikanyaga chini kuliko wa kushoto, hatua baada ya hatua, siku mbili.

Tangu nyongani hadi gotini. Yakobo naye aliguswa nyongani, na Mwanzo 32 inamalizia kwa kueleza kwa nini wana wa Israeli hawali mshipa ule wa nyonga. Najua siyo ugonjwa mmoja, wala mimi sikupigana na malaika. Nilipigana na bibi wa watu.

Kuhusu vile vidonge, muuguzi alikasirika kweli. Dawa ile kwenye tumbo tupu inachoma tumbo, kwa mwenye figo mbovu au presha ni hatari zaidi, na ubaya mwingine ni kwamba inanyamazisha goti wakati goti linasema kweli. Akatuma kijana dukani akaleta barafu za ukwaju, zile za watoto za kwenye vipaketi, akazifunga kwenye khanga isije baridi ikaunguza ngozi, akaziweka dakika ishirini. Katekista wetu akasoma kwa sauti Zaburi ya 109: "Magoti yangu yamedhoofu kwa kufunga." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Barafu zilipoanza kuyeyuka yule mjukuu wa miaka tisa aliomba moja, akapewa.

Usiku sikulala vizuri. Maumivu yalikuwepo, lakini kilichonikesha ni hesabu: kesho nani atabeba msalaba, na mimi nitasema nini.

Asubuhi katekista akatukusanya. Ni mtu wa kijijini, utoto wake wote alichunga ng'ombe. Akasema jana tumetembea kama watu wanaokimbia mvua, leo tutabadilisha. Bibi na mjukuu wake mbele, na msalaba abebe mtu anayetembea ubavuni mwao. Wenye nguvu nyuma. Kijana mmoja akauliza tutafika saa ngapi kwa mwendo huo. Katekista akajibu, "Ndama hafukuzwi. Ndama anafuatwa." Halafu akafungua Mwanzo 33, akatusomea.

Mnaikumbuka? Esau amekuja na watu 400, ndugu wamekumbatiana, wamelia. Esau, mtu wa pori na upinde, anasema haya, twende, nitakutangulia. Na Yakobo, ambaye kumepambazuka akichechemea, anakataa. Anasema watoto ni wateketeke, na mifugo inanyonyesha, ikiswagwa kwa nguvu hata siku moja itakufa yote. Wewe bwana wangu tangulia, mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yangu na mwendo wa watoto.

Mtu yuleyule! Huyu ndiye aliyeshika kisigino cha ndugu yake tangu tumboni, akamwahi kwenye haki ya mzaliwa wa kwanza, akamwahi kwenye baraka za baba, akamtoroka mjomba wake Labani. Maisha yake yote ni kuwahi. Sasa nyonga imeguswa, na mara ya kwanza tunamsikia akipima safari kwa miguu ya mtoto. Kuna wafasiri watakaosema alikuwa anamkwepa Esau tu, na kweli baadaye hakwenda Seiri alikosema, akaenda Sukothi. Hilo silibishii, ujanja haukumwisha wote kwa usiku mmoja. Lakini kwa Wasukuma waliokuwa wamekaa pale, waliokulia nyuma ya mifugo, haikuhitaji mfasiri. Kundi lina mwendo wa mdogo wake, basi.

Muuguzi hakuniruhusu kutembea kipande chote cha kutoka Sengerema. Nilipakiwa kwenye pikapu iliyobeba maji na magodoro. Niliona aibu, nikavuta kofia usoni, na nilipokuwa nawapita wenzangu barabarani walinipungia mikono kama bwana harusi. Nilishushwa Busisi, ukingoni mwa ziwa kabla ya daraja, nikakaa chini ya mti nikiwasubiri. Saa zile za kusubiri ndizo nilizoelewa bibi alikuwa anaishije nyuma yetu. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilisubiri kivulini.

Daraja tulilivuka pamoja. Mliovuka kwa vivuko miaka ile mnajua foleni za Kigongo na Busisi zilivyokuwa. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3, na waenda kwa miguu wana njia yao pembeni. Muuguzi alinifunga bendeji ya kuvuta, akanipa fimbo nishike mkono wa kushoto, upande wa mguu mzima, jambo ambalo nilidhani ni kosa hadi nilipojaribu. Nikawekwa sambamba na bibi. Akanitazama miguu akasema, "Punguza hatua, baba. Fupi, fupi. Mguu usiurushe." Hatua fupi goti halikunjiki sana, halibebeshwi sana. Siku mbili za kwanza mwanamke huyu alikuwa anatembea hivyo nyuma yetu, na mimi nikadhani amechoka. Kumbe ndivyo anavyotembea mtu anayejua kwamba lazima afike. Ziwa lilikuwa pande zote mbili, mitumbwi chini yetu midogo kama maganda ya karanga, upepo unatupa wimbo nyuma. Sijawahi kusali rozari polepole vile.

Sasa neno kidogo kuhusu Bukumbi, maana kuna vijana hapa Mwanza wanaofikiri ni hospitali tu. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe, walitoka Bagamoyo mwaka 1878 kwa miguu, pamoja na wapagazi ambao magoti yao hakuna kitabu kinachoyataja. Wakafika Kageye, ufukweni upande huu wa kusini. Mwaka 1879 Padri Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi hadi Buganda. Kazi ikaanza vizuri, halafu ikakwama. Mwishoni mwa 1882 wakalazimika kuondoka Buganda, wakarudi kusini ya ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha Bukumbi. Yaani misheni ile tuliyoiendea kwa mbwembwe zote ilianzishwa na watu waliokatiwa safari. Kwa akili ya mbeba msalaba wa siku ya kwanza, wale walikuwa wameshindwa. Huku nyuma Wakristo wapya na wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, wa Buganda wakabaki bila padri hadi 1885, wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, na kutoka kwao wakatoka mashahidi 22 tunaowaadhimisha kila tarehe 3 Juni.

Katekista alitusimulia hayo jioni tukiwa tumekaa chini uwanjani. Kisha wote wakapiga magoti kushukuru. Mimi nikajaribu, goti likakataa. Nimetembea, nimepakiwa, nimekongojea siku nne ili nipige goti Bukumbi, na nilipofika ndilo jambo moja nisiloweza. Nikabaki nimekaa kwenye jiwe, mguu umenyooka mbele yangu, nikiwa mrefu kuliko wote. Sikujua mikono niiweke wapi.

Kwenye jumuiya tulisoma pia Waebrania 12:12–13: inyosheni mikono iliyolegea na magoti yaliyopooza, mkaifanyizie miguu yenu njia za kunyoka, ili kitu kilicho kiwete kisipotoshwe, bali afadhali kiponywe. Mama mmoja akatutazamisha kwamba haikuandikwa "inyoshe". Hakuambiwa kiwete anyooshe njia yake. Wameambiwa wote wanaotembea naye. Nilikuwa na la kuongeza, nikanyamaza.

Kwa mtakaokwenda safari ijayo, anzeni kutembea miezi miwili kabla, mwongeze kidogo kidogo kila wiki. Maumivu yasemeni siku ileile. Na kikundi kikisimama kunywa maji, mapumziko yaanze kuhesabiwa pale mtu wa mwisho anapokaa.

Goti linaendelea kupona, siyo haraka ninayoitaka. Jumapili iliyopita nilikuwa Misani. Kuna benchi la pembeni, karibu na dirisha, ambapo yule bibi hukaa, na kwa miaka mingi wakati wa mageuzo, mkate na divai vinapowekwa wakfu, kanisa zima likishuka magotini yeye hubaki amekaa. Mimi nikiwa nyuma nilikuwa namwona, na nilikuwa na maneno yangu moyoni. Safari hii nilikwenda nikakaa benchi lile. Kengele ikalia, watu wote wakapiga magoti, tukabaki wawili vichwa juu. Hakunitazama. Alisogea tu, akaniachia upande wa njia, penye nafasi ya kunyoosha mguu.