Nawa Kwanza

Aprili 2007 nilikuwa darasa la saba, na mvua ya masika ilikuwa imeishika Kakamega barabara. Mjomba wangu alikuwa akiongoza wageni msituni upande wa Isecheno. Jioni moja akaniita nimbebee tochi ya akiba. Mgeni wake alikuwa dada mmoja mtafiti, amevaa gambuti, daftari lake limefungwa kwa nailoni. Alitafuta vyura.

Nilishangaa. Vyura tulikuwa nao mpaka mlangoni kwa kukhu, yaani nyanya yangu, na kelele zao ndizo zilizonibembeleza usingizini.

Kijito tulichokifuata nilikijua vizuri. Hapo ndipo tulipofulia nguo. Dada yule alipiga magoti topeni akawa anainua majani yaliyooza, moja baada ya jingine, kwa subira ya mtu anayechagua mchele. Tulikaa sana. Kisha jani moja likaruka. Ndivyo nilivyoona mimi, jani limeruka! Kumbe ni chura wa kahawia, mdogo kuliko kidole gumba changu, naye si mtoto: alishakomaa.

Nikanyoosha mkono.

"Ngoja, mdogo wangu. Leo umejipaka mafuta?"

Nilikuwa nimejipaka. Mama hakukubali mtu atoke nyumbani amepauka. Akaniambia ninawe kwa maji matupu mpaka utelezi uishe, na nilipokuwa nikisugua vidole kwa mchanga akanieleza kwamba chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Maji huyanywa kwa ngozi, na hewa nayo hupita humo humo, kwa hiyo chochote kilicho mkononi mwako humwingia mwilini. Ndipo akamweka kwenye kiganja changu kilicholowa. Alikuwa mwepesi hata nikaona kama sijashika kitu, ila koo lake lilikuwa likipwita, nami nikabana pumzi.

Vyura wadogo wa kahawia huwasumbua hata wataalamu, kwa jinsi wanavyofanana. Mwaka 2010 mmoja wa msitu wetu alipewa jina lake mwenyewe, Phrynobatrachus kakamikro: "kaka" ya Kakamega na "mikro" ya Kigiriki, yaani mdogo. Nilipolisoma nililitamka kwa sauti mara kadhaa. Masikioni mwangu lilisikika kama kaka mdogo, na mpaka leo siwezi kulisikia vingine.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Jumamosi iliyofuata usiku ule, tulipokwenda kufua, nilichota maji nikapanda nayo juu, mbali na ukingo, nikamwaga povu langu nyasini. Nilipanda na kushuka mara nyingi.

"Mbona unajitesa hivyo, mjukuu wangu?" kukhu akauliza.

Nikamweleza habari ya ngozi ya chura. Hakujibu neno. Alikamua shuka aliyokuwa nayo mkononi, akabeba beseni lake, akaja kuliweka kando ya langu.