Sinki likinuka, inua mpira kwanza

Kila anayeingia jikoni kwenye nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa Forest Mpya, Mbeya, huinama kuangalia chini ya sinki. Pale pamefungwa mashine ya kusaga mabaki ya chakula. Mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita Mama, aliishi Marekani miaka mingi, na aliporudi kujenga hakutaka kusikia habari ya jiko lisilo na mashine hiyo. Wakishaangalia, swali huwa lile lile: dada, hii kitu hainuki?

Ikiachwa, inanuka vibaya sana. Ndoo ya takataka unaiona, unaibeba, unaimwaga, yamekwisha. Uvundo wa mashine unatoka mahali usipopaona: umeosha vyombo vyote, umefuta meza, na bado mgeni anayekunywa chai chumba cha pili anakunja pua. Jambo hili linaniuma. Mtu ametoka Dar es Salaam kwa basi, amechoka, anafungua mlango anakutana na harufu ya mtaro. Hata wali wako wa Kyela uwe mzuri namna gani, hatausikia utamu wake.

Ushauri unaozunguka ni kutupia maganda ya ndimu, kuwasha, basi. Jiko linanukia ndimu mpaka jioni, asubuhi uvundo umerudi, kwa sababu ndimu haijaondoa kitu. Harufu ni chakula kilichobaki mahali kikioza. Kazi ya kwanza ni kukitafuta kilipo.

Mara nyingi kipo kwenye mpira. Kwenye tundu la sinki kuna mpira mweusi wenye mikato, unaozuia maji na vipande visiruke juu mashine inapozunguka. Upande wa juu ni msafi, maana dodoki hupita hapo kila siku. Uinue uangalie upande wa chini: utakuta utando mzito, rangi ya tope, umeshikana na mabaki ya maharage na nyuzi za mchicha. Huo ndio unaonuka. Nazima swichi na kuchomoa plagi ukutani (swichi peke yake siiamini, mtu anaweza kupita akaibonyeza), kisha nasugua kila mkunjo wa mpira kwa mswaki wa zamani na sabuni ya maji. Kuna mipira inayotoka; wetu unatoka, kwa hiyo naung'oa na kuulowesha kwenye beseni. Mkono hauingii ndani ya mashine hata siku moja. Kijiko kikidumbukia, nakitoa kwa koleo, plagi ikiwa imechomolewa.

Kila mtu anadhani humo ndani kuna visu. Hakuna. Kuna sahani ya chuma inayozunguka, yenye vyuma vidogo vinavyochezacheza, na pembeni yake pete yenye meno. Mzunguko hurusha chakula kwenye ile pete, kinakwanguliwa mpaka kiwe laini kiasi cha kupita na maji. Mashine za namna hii zilibuniwa na msanifu majengo aitwaye John Hammes, mjini Racine, jimbo la Wisconsin, mwaka 1927. Ukishajua kwamba kazi yake ni kurusha, unaelewa kwa nini kuta za ndani, juu ya pete, hushika utelezi: chakula kinarushwa hadi pale, lakini maji hayafiki kwa nguvu. Hapo ndipo barafu inaposaidia. Natia barafu na chumvi ya mawe, nafungulia maji baridi, nawasha. Kelele yake inatisha, lakini vipande vinakwangua kuta zile. Wanaosema barafu inanoa visu nimeshawajibu.

Kuhusu bikabonati ya soda na siki: ukivichanganya vinafoka povu na watu wanafurahi kuona dawa inafanya kazi. Lakini kimoja ni besi, kingine ni asidi. Vikikutana vinamalizana, na baada ya povu kuisha unabaki na maji ya chumvichumvi. Mimi navitumia mbalimbali. Usiku namwaga soda na maji kidogo, naiacha, asubuhi nasuuza kwa maji mengi. Siki naitumia siku nyingine, kama ipo. Jiki siitii humo, na nawaomba sana msije mkaikutanisha na siki wala ndimu kwenye sinki lolote, liwe na mashine au lisiwe nayo. Hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na majiko yetu wakati wa baridi tunayafunga madirisha.

Na baridi yenyewe ndiyo tatizo letu kubwa, ambalo maelezo yaliyoandikiwa watu wa nchi za joto hayaligusi. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai maji ya bomba yanauma vidole. Sasa fikiria mawese. Hapa kwetu maharage bila mawese ya Kyela wengine hawayaiti maharage, na mawese huanza kuganda hata kabla chungu hakijapoa vizuri. Mchuzi wa nyama ya ng'ombe nao hufanya utando mweupe mezani mtu akichelewa kula. Mafuta hayo yakiingia kwenye bomba linalopita ukutani nje, kama letu, yanaganda humo na kukamata kila kinachosagwa kikipita. Bomba linapungua, maji yanaenda polepole, vilivyonaswa vinaoza pasipo hewa, ndipo inapokuja ile harufu ya yai viza.

Wengi wanakimbilia maji yanayochemka. Siyapendi, kwa sababu mbili. Mabomba ya plastiki hayakutengenezwa kwa maji ya moto kiasi hicho. Halafu mafuta yanayeyuka hapa karibu, yanasafiri, yanaganda tena mbele zaidi, kwenye chemba ya nje, na kumtafuta fundi ni gharama. Natumia maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, yenye sabuni nyingi, maana sabuni ndiyo inayoyashika mafuta yaende na maji. Ila mashine ikiwa inasaga, maji ni ya baridi tu, ili mafuta machache yaliyoponyoka yabaki magumu, yakatwekatwe na kupita. Na kikubwa zaidi: sufuria na masahani yenye mafuta tunayafuta kwa karatasi kabla hayajafika kwenye sinki.

Kuna harufu nyingine ambayo mashine inasingiziwa. Chini ya sinki pana bomba lililopinda, mafundi wanaita trapu, ambalo daima hubaki na maji kidogo ya kuzuia hewa chafu ya shimo isipande. Nyumba ikikaa bila kutumika, maji yale hukauka. Ukirudi kutoka safari ukakuta jiko zima linanuka choo, usianze kufumua mabomba, mwaga jagi la maji na usubiri. Kama sinki linagugumia maji yanaposhuka na harufu inafuata, huenda maji ya trapu yananyonywa kwa sababu bomba halipati hewa. Hapo mwite fundi bomba.

Vitu visivyoingia kwenye mashine yetu nimeviandika kwa kalamu nene ukutani, kwa ajili ya wasichana wapya. Kokwa la parachichi halisagiki. Maganda ya mahindi na nyuzi za ndizi za kupika hujisokota. Maganda ya viazi, na huku tunamenya viazi kweli kweli, yanasagika vizuri kisha wanga wake unakuwa gundi bombani. Ukoko wa ugali vivyo hivyo. Machicha ya kahawa wengine wanayasifu kwa kuondoa harufu, lakini yakikutana na mafuta yanashikana, na yanatulia pale pale kwenye trapu. Vyote hivi anavichukua jirani yetu: vinavyolika vinaenda kwa nguruwe wake, vilivyobaki vinaenda shambani. Mashine inapata kile kidogo kinachobaki kwenye sahani.

Umeme ukikatika katikati ya kusaga, usikiache chakula humo kilale. Chomoa plagi, kitoe kwa koleo, suuza kwa ndoo. Maji yakikatika, usiiwashe kabisa. Na wenye ndugu Marekani, msiagize mashine kwa kutazama picha tu: umeme wa kule majumbani ni volti 120 na hezi 60, wetu ni volti 230 na hezi 50. Mama alitafuta iliyotengenezwa kwa umeme wa namna yetu, ndiyo maana bado inazunguka.

Sasa anataka jiko la nyumba anayojenga Tukuyu liwe na mashine kama hii. Nimemwambia Tukuyu kuna mvua kuliko hata hapa, na baridi ipo pia, kwa hiyo bomba lifukiwe ardhini badala ya kupita ukutani, na shimo lichimbwe kubwa zaidi, kwa kuwa kila kinachosagwa kinaishia kwenye shimo na kulijaza tope mapema. La bomba amekubali. La shimo anasema nimpe muda, fundi kwanza alete bei.