E ya Embe, F ya Fatuma

Jumanne ya tarehe 27 Oktoba 2020, mkesha wa uchaguzi mkuu, nilikuwa nimepanga chumba kule Ng'ong'ona, karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Mvua zilikuwa bado, na Dodoma ilikuwa ile ya vumbi na joto linalong'ang'ania bati hadi saa nne usiku. Twitter ilikataa kufunguka. Nikazima data, nikawasha. Nikazima simu, nikaiwasha. Mwisho nikauliza jirani, akasema hata WhatsApp yake imegoma.

Siasa haikuwa shida yangu usiku ule. Nilikuwa natafsiri nyaraka za mteja mmoja wa Ujerumani, na yeye maelekezo yake yote huyatuma kwenye sanduku la ujumbe la Twitter. Kazi ilitakiwa Alhamisi. Hela ya kodi ilikuwa humo humo.

Mdogo wangu, anayesoma chuoni, alinitangulia. Alikwenda kwenye kibanda kimoja cha kurushia nyimbo, akalipa shilingi 1,000, akarushiwa VPN, programu ya kupitisha mtandao njia nyingine ili kukwepa kuzuiwa, kwa Xender, ile ya kurushiana mafaili kati ya simu. Akarudi kifua mbele. "Kaka, lete na yako nikurushie." Nikamwambia anionyeshe kwanza. Programu ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma SMS na majina yote ya kwenye simu. VPN inataka SMS za nini? Kabla hatujamaliza kubishana, matangazo ya kamari yakaanza kujifungua yenyewe, na asubuhi yake salio la vocha lilikuwa limeyeyuka. Yule kijana wa kibanda simlaumu sana. Naye alirushiwa na mtu, na huyo mtu alirushiwa na mwingine.

Mimi nilitaka Tor Browser, programu ya kufungulia tovuti kwa kupita njia za kuzungukia vizuizi, na niliitaka kwa wenyewe. Tovuti yao kwenye laini yangu ilizunguka tu mpaka ikachoka. Nikakumbuka kwamba wana njia ya barua pepe: unaandika kwa gettor@torproject.org, ndani unaweka jina la mfumo wa kompyuta yako tu. Barua pepe yangu ya ofisini ilikuwa bado hai. Nikaandika neno moja, linux, nikatuma. Jibu likaja lina viungo vya kupakulia kutoka sehemu nyingine, kikiwemo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu, ambacho kilifunguka, pamoja na faili la saini la kuonyesha kama programu imechezewa, na alama ya utambulisho ya ufunguo wa watengenezaji, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha ufunguo unaohakiki saini hiyo.

Hapo ndipo nilipokwama kwa muda. Faili limeletwa na barua, na alama ya kulihakikishia nayo imeletwa na barua ile ile. Kama kuna mtu kaichezea njiani, si ataleta vyote viwili vikiwa vinafanana? Ni sawa na kumuuliza muuza maziwa kama maziwa yake yana maji.

Dada yangu mkubwa anaishi Nairobi. Kule tovuti ilikuwa inafunguka. Nikanunua vocha ya 2,000, nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mko salama huko?"

Nikamweleza. Akaguna, lakini akakaa kwenye kompyuta, akaufungua ukurasa wa Tor unaoeleza kuhakiki saini. Nyuma ya daftari la madeni ya duka la mama nilikuwa nimenakili alama ile ya kwenye barua, herufi na tarakimu 40, nne nne, mafungu kumi. Yeye anasoma, mimi natia vema kwa kalamu.

"E ya embe, F ya Fatuma, sita, E ya embe."

"Ndiyo."

"Mbili, nane, sita, D ya Dodoma."

Fungu la tano simu ikakoroma. Nikasikia "nne, D, A, saba", na kwangu palikuwa na B. Moyo ukanidunda. "Dada, D au B?" "B! B ya baba!" Fungu la saba vocha ikakata. Akapiga yeye, tukamalizia: 9329, 8290.

Ufunguo wenyewe, wenye alama ile ile, niliuvuta kutoka keys.openpgp.org, nikapima faili kwa gpg, programu ya kuhakiki saini iliyomo kwenye Ubuntu, ile Linux ya kompyuta yangu. Ikasema saini ni nzuri, kisha ikaongeza onyo kwamba hakuna aliyeuthibitisha ufunguo huu. Onyo hilo huwatisha wengi, ila maana yake ni kwamba kompyuta yako haijaambiwa na mtu unayemwamini kwamba ufunguo ni wa kweli. Mimi nilikuwa nimeambiwa na dada.

Kuunganisha mara ya kwanza kulikwama. Nikaenda kwenye mipangilio, nikachagua daraja la obfs4, njia ya kuingilia Tor bila mtandao kutambua kwamba ni Tor, nikasubiri huku mdogo wangu akinipepea kwa kipande cha boksi. Ikashika, polepole kama punda wa maji.

Ujumbe wa mteja ulikuwepo, wa tangu Jumatatu jioni: hakuna haraka, nimtumie wiki ijayo.